Sura Ndani ya Kisanduku

TANGAZO RASMI. Mimi, Natsuho Kajitani, mwanafunzi wa bweni, bingwa wa mizaha asiye na mpinzani katika ghorofa nzima ya wasichana, nawatangazia wasomaji wa gazeti hili kwamba tangu nizaliwe sijawahi kukamatwa nikifanya kosa.

Nilikuwa nimefika hapo hapo katika kujisifu, wiki iliyopita, mlango ulipofunguka nyuma yangu.

Kwa yule aliyefungia samaki gazeti lake kabla ya kulisoma, nakumbusha haraka. Nimo ndani ya jiko la chai la Bibi Mkubwa Kinue, dada yake Bibi yangu, hapa Matsue, kwenye nyumba ya zamani inayotazamana na mfereji wa ngome. Mbele yangu kuna visanduku vitatu vyeusi vyenye vifuniko. Mkononi nimeshika tamutamu ya sukari iliyoshindiliwa, ya mviringo kama mwezi, yenye bata bukini mmoja anayeruka. Na ndani ya kisanduku alimokuwa huyo bukini, nimeshaweka manju.

Tena si manju ya heshima. Ni lile andazi la maharage matamu wanalouza kituo cha treni, lenye uso wa mcheza ngoma ya kuzoa samaki wa matopeni. Jicho moja kubwa, jingine dogo, mdomo umepindia pembeni kama wa mtu anayepuliza moto.

Nilikuwa nimenunua mawili. La pili nililitia kwenye kisanduku cha tatu, ambacho ndani yake mlikuwa na mwezi kama ule mwingine, ila umevunjika vipande. Nilidhani ni makombo. Nikayala. Sukari ile iliyeyuka ulimini kabla sijaitafuna.

"Natsuho?"

Nikausokomeza mwezi mzima, pamoja na karatasi yake, kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la shule. Nikafunika kisanduku. Nikageuka nikiwa nimevaa ule uso ninaomvalia matroni wa bweni.

"Bibi Mkubwa! Nilikuwa natafuta maji ya kunywa."

"Maji yamo kwenye birika, mjukuu wangu. Na birika liko nyuma yako."

Kwisha habari yangu, nikajisemea.

Lakini Bibi Mkubwa hakunishika sikio. Alichukua kisanduku cha tatu kwa mikono miwili, akatoka nacho kwenda chumba cha ndani. Nikabaki peke yangu nikiuma mkono ili nisicheke. Akilini nilimwona Bibi akifunua kifuniko. Niliona macho yake yakitoka. Bibi Fusae na dada yake walikuwa hawajasemezana tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na mimi, kwa andazi moja tu, nilikuwa nakwenda kuwachekesha wote wawili.

Bibi Mkubwa akarudi, akafunga mlango.

"Bibi yako alikuwa hivi hivi," akasema. "Hapiti penye kitu kitamu bila kufunua. Umekiona cha kwake?"

"Sijafunua chochote."

"Vizuri. Nataka macho yake yawe ya kwanza." Akakaa juu ya visigino, akashusha sauti. "Unajua kwa nini aliondoka hapa?"

"Mama anasema mligombana."

"Niliuza kalibu za Baba."

Baba yao alikuwa fundi wa tamutamu, hilo nililijua. Kalibu zake za kushindilia sukari zilikuwa za mbao, alizichonga mwenyewe: maua, majani, samaki, mawimbi. Alipokufa, dada mkubwa alizikabidhi zote kwa mchuuzi wa vitu vya kale. Dada mdogo alirudi kutoka sokoni akakuta rafu tupu.

"Aliniambia neno moja tu. 'Umemuuza Baba.' Akapanda treni ya Hiroshima." Bibi Mkubwa alikuwa akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Nimezitafuta, Natsuho. Maduka ya Izumo, ya Tottori, mpaka Kyoto. Nimeipata moja. Ile aliyoichonga mwaka aliokufa Mama. Ina ufa katikati, kila nikishindilia sukari inavunjika. Imetoka moja tu nzima."

Mfuko wangu wa koti ukawa mzito kama nimetia jiwe.

"Mdomo wangu ni mgumu," akaendelea. "Kuomba radhi kwa maneno siwezi, na yeye kusikiliza hawezi. Kwa hiyo Baba ndiye ataniombea. Fusae akifunua tu, ataijua. Ataniuliza jina la tamutamu, kama desturi ya chai. Nitamjibu. Basi, tutakuwa tumemaliza."

"Bibi Mkubwa, subiri kidogo. Naomba niende chooni."

"Utakwenda baadaye. Chukua sinia. Mikono yangu leo inatetemeka."

"Dakika moja tu!"

"Ukimwaga, nakuzamisha kwenye mfereji," akasema huku akicheka, akanishika kiwiko, akanisindikiza mpaka mbele ya Bibi.

*

Bibi alikuwa amekaa wima kama nguzo. Tangu asubuhi alikuwa hivyo. Tulipopanda ngazi za ngome, zile za mbao zilizosimama kama za kupandia darini, alikataa mkono wangu. Bibi Mkubwa alipotupokea chini ya ngome na kutupeleka kula tambi nyeusi, zile zinazokuja katika visahani vya duara vilivyopandana, mazungumzo yao yote yalikuwa haya:

"Mchuzi unamiminwa juu, Fusae. Tambi hazichovywi."

"Najua. Nimezaliwa hapa."

"Sasa mbona unachovya?"

"Nimependa."

Ila sasa, kwenye mkeka, niliona vidole vyake vimelegea kidogo. Alitazama ua moja lililowekwa ukutani, akatazama birika linalochemka. Alikuwa amevaa kimono chake cha rangi ya majani makavu. Mtu havai kimono kile kwenda kugombana.

Nikaweka kisanduku mbele yake. 

"Tafadhali," akasema Bibi Mkubwa, akainama kidogo.

Bibi akafunua.

Kifuniko kilibaki hewani, kimesimama kati ya kisanduku na Bibi Mkubwa, kwa hiyo mwenye nyumba hakuona kilichomo. Mimi niliona. Ule uso wenye mdomo uliopinda ulimtazama Bibi moja kwa moja.

Hakucheka.

"Jina lake?" akauliza taratibu.

"Omokage," akasema Bibi Mkubwa.

Neno hilo tunalitumia kwa ile sura inayobaki machoni pako wakati mwenye sura ameshaondoka.

"Omokage," Bibi akarudia. "Ya nani?"

"Unauliza tena? Ya Baba."

"Ya Baba."

"Nimeitafuta miaka mingi."

"Na hivi ndivyo unavyomkumbuka?"

"Hivi hivi. Sijasahau hata mstari mmoja."

Nilitaka mkeka ufunguke unimeze. Bibi Mkubwa alikuwa anatabasamu, ameinamisha macho kwa haya, anangoja. Na Bibi alikuwa anarudisha kifuniko polepole, kama mtu anayefunika maiti.

"Nashukuru kwa mapokezi," akasema. "Treni yetu haisubiri."

"Fusae! Hujala."

"Nimeshiba."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, wasomaji. Bibi wawili kwenye mkeka mmoja, na ukweli mfukoni mwangu. Nikafungua mdomo.

"Chai ilikuwa tamu sana," nikasema.

Chai ilikuwa hata haijamiminwa.

*

Kwetu mwenyeji humsindikiza mgeni hadi getini na husimama hapo mpaka mgeni apotee machoni. Mgeni naye akifika kwenye kona hugeuka, anainama mara ya mwisho. Bibi alifika kwenye kona akapinda bila kugeuka.

Mimi niligeuka. Bibi Mkubwa alikuwa ameinama, mikono magotini, anangoja mtu ambaye hakugeuka.

"Bibi, pengine hujaelewa," nikaanza, nikimkimbilia kando ya mfereji.

"Nimeelewa."

"Lilikuwa andazi tu. Lenye uso wa kuchekesha."

Bibi akasimama. Akashika kona ya mdomo wake kwa kidole, akaivuta pembeni, juu, mpaka jicho moja likawa dogo.

"Baba alipooza upande mmoja mwaka wake wa mwisho," akasema, na maneno yakamtoka yamepinda. "Alikuwa hivi. Watoto wa mtaa huu walikuwa wanamfuata nyuma wakimwiga kwa ngoma ile ya samaki, na makapu yao. Mimi nilikuwa nawafukuza kwa ufagio. Dada yangu alikuwa anaona." Akaachia kidole. Mdomo ukarudi mahali pake. "Ningemsamehe kalibu, Natsuho. Nilikuja nimeshamsamehe. Lakini amekaa mbele yangu, akanitilia uso ule kwenye kisanduku, akauita Omokage."

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilihisi yanaonekana mpaka ng'ambo ya maji.

Mtauliza kwa nini sikusema palepale. Shuleni kwetu ukikosa unaandikishwa insha ya kujuta, na mimi nimeandika nyingi, nzuri, nyingine zimesomwa mbele ya darasa kama mfano wa kuigwa. Lakini zote niliziandika baada ya kukamatwa. Kujuta kabla ya kukamatwa sikuwahi kufundishwa.

Nilichokijua mimi ni kudanganya. Nikakitumia hicho.

"Bibi, teksi hazipiti upande huu leo. Barabara wameifunga."

"Wameifunga kwa nini?"

"Wanaosha daraja."

"Wanaosha daraja?"

"Kwa ajili ya watalii. Twende na boti, itatushusha ng'ambo karibu na barabara kubwa. Goti lako lisiumie."

Goti lilikuwa linamuuma kweli, tangu ngazi za ngome. Akakubali. Nikamkalisha ndani ya boti kwenye gati, nikajipapasa kichwani.

"Nimesahau kofia!"

"Ulikuja na kofia?"

Nilikuwa nimeshakimbia.

Bibi Mkubwa Kinue alikuwa bado getini. Hajainuka sawasawa. Nilipomfikia niliona kwamba alikuwa akifuta pua kwa mkono, kama mtoto.

"Bibi anakuita," nikasema nikihema. "Yuko kwenye boti. Goti limemzidi. Amesema, 'Niitie dada.'"

"Amesema 'dada'?"

"Amesema 'dada'."

Wasomaji, nimewahi kumdanganya mwalimu mkuu, matroni na kasisi wa hekalu. Hakuna aliyeniamini kwa furaha kama ile. Bibi Mkubwa alitoka mbio na viatu vya bustanini, aproni yake ya jikoni ikipepea juu ya kimono, akiniuliza njiani, "Goti la kulia au la kushoto? Tangu utotoni la kushoto ndilo baya." Kila neno lake lilinichoma kama pini.

*

"Nahodha, ondoa!" nikapiga kelele mara tu mguu wake wa pili ulipoingia ndani.

"Hakuna abiria wengine?" akauliza nahodha, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani.

"Sisi ndio sisi!"

Boti ikaachana na gati.

Zile boti za mfereji wa Matsue ni za chini, zina paa la turubai, na mnavua viatu mnakaa mkekani. Novemba huweka katikati meza fupi yenye blanketi na joto chini yake. Bibi alikuwa upande mmoja wa meza. Bibi Mkubwa akakaa upande wa pili. Mimi nikajibana kwenye ncha, kama mwamuzi wa mieleka asiyetaka mechi ianze.

"Niko hapa, Fusae," akasema Bibi Mkubwa kwa upole. "Umeniita."

"Mimi nikuite wewe?"

"Natsuho amesema…"

Wote wawili wakanigeukia.

"Tazameni ngome!" nikasema. "Ile pale!"

"Naam!" nahodha akadaka kwa raha, maana alikuwa anangoja nafasi. "Kulia kwenu, ngome yetu nyeusi, haijaungua, haijabomolewa, imesimama kwa miti yake ile ile…"

"Tumeipanda asubuhi," akasema Bibi bila kugeuza kichwa. "Nahodha, nirudishe."

"Boti hairudi nyuma, mama. Inazunguka."

"Basi nitashuka hapa."

"Maji ni baridi, mama."

Bibi Mkubwa alikuwa ameanza kuvua aproni, kwa aibu ya kuonekana nayo. "Kama sikuitwa," akasema, "nitashuka kwenye gati la mbele. Sina tabia ya kujipeleka kwa watu."

"Una tabia ya kuwacheka lakini."

"Nimemcheka nani?"

"Huyo uliyemtia kwenye kisanduku."

"Fusae, kile nilichokitia kwenye kisanduku kimenimaliza nguvu zangu zote! Hukukigusa hata kwa kijiti!"

"Mabibi," akaingilia nahodha, "ugomvi ni ruksa, ila daraja la kwanza lile pale, na ni la chini sana. Paa litashuka. Naomba wote tuinamishe vichwa."

Bibi akazidi kunyoosha mgongo.

"Mbele ya huyu siinami," akasema Bibi.

"Huinami mbele yake, mama. Unainama mbele ya daraja."

"Yeye ndiye mdogo," akasema Bibi Mkubwa. "Aanze yeye."

"Mwenye kosa ndiye huanza."

"Paa halijui mdogo wala mwenye kosa!" nahodha akalia. "Linashuka!"

Na likashuka kweli, likilialia kama mlango wa zamani. Walitazamana. Paa likafika kwenye nywele zao. Likaondoa kitana cha Bibi. Shingo zikaanza kukunjika, taratibu, hakuna anayetaka kumpita mwenzake hata kwa upana wa ukucha, mpaka mapaji yao mawili yakakaribiana juu ya meza, na giza la daraja likatufunika.

Nami niliinama. Niliinama haraka kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mrefu.

Nikahisi kitu kikiteleza kifuani.

Tak.

Boti ikatoka juani. Paa likapanda. Nahodha akasema, "Tayari, inukeni." Hakuinuka mtu. Kwetu ukiinamiana na mtu, anayeinua kichwa kwanza ndiye aliyepungukiwa adabu, na hao wawili hakuna aliyekuwa tayari kupungukiwa mbele ya mwenzake. Wakabaki vile vile, wameinama juu ya meza.

Na juu ya meza, kati ya pua zao mbili, karatasi nyeupe ilikuwa imefunguka yenyewe. Mwezi wa sukari ulikuwa pale, na bukini wake anaruka.

Nilimwona Bibi akiacha kupumua.

"Hii ni ya Baba," akasema, bado ameinama.

"Si ndiyo nimekwambia," akasema Bibi Mkubwa, bado ameinama.

"Kalibu umeipata wapi?"

"Kyoto. Ilikuwa inatumika kuzuia mlango."

"Bukini wake ana bawa fupi. Mkono ulimteleza. Alikuwa analia siku ile."

"Alikuwa analia. Wewe ulikuwa umemshikia taa."

"Mbona hukunipa hii?"

"Nimekupa! Ilikuwa kwenye kisanduku chako!"

"Kwenye kisanduku changu kulikuwa na manju ya stesheni, yenye uso wa mcheza ngoma ya samaki."

Hapo vichwa viwili viliinuka kwa pamoja, bila mashindano, vikanigeukia.

Ningeweza kuwaambia hapo, kwa heshima, nikiwa nimenyoosha mgongo. Lakini tabia ni kitu kibaya.

"Inawezekana," nikasema, "ni paka."

"Sina paka," akasema Bibi Mkubwa.

"Paka wa jirani."

"Alikwenda stesheni," akasema Bibi, "akanunua manju."

Nahodha aliacha usukani kidogo ili asikie vizuri.

"Natsuho," Bibi akasema. Hakupandisha sauti. Ningemshukuru kama angepandisha. "Nimekuonyesha mdomo wa baba yangu ulivyokuwa. Kule njiani. Ukanitazama. Na hii unayo mfukoni."

 Nilitazama meza. Ningetoa mizaha yangu yote, hata ile ya sabuni kwenye sherehe ya kufunga shule, ili mtu mmoja tu anizabe kofi na mambo yaishe.

"Daraja la pili!" nahodha akatangaza. "Hili ni la chini kuliko la kwanza!"

Paa likaanza kushuka. Mabibi wakaanza kuinama. Safari hii sikuwangoja. Nilipiga paji la uso mezani mpaka meza ikagonga, na sikuwa nainamia daraja.

"Ni mimi," nikasema kwenye blanketi. "Nilifunua. Nikatoa ya Babu, baba yenu, nikatia manju. Bibi Mkubwa aliponieleza, sikusema. Wewe ulipofunua, sikusema. Uliponionyesha mdomo, sikusema. Barabara haijafungwa. Sina kofia. Bibi hakukuita, Bibi Mkubwa, 'dada' niliitunga mimi. Na najiambia nilitaka kuwachekesha, lakini si kweli. Nilitaka kuona uso wa Bibi akishtuka. Hiyo tu. Nisameheni."

Giza la daraja lilipita juu yetu. Maji yalisikika kwenye mawe. 

Paa likapanda.

"Inuka," akasema Bibi Mkubwa.

"Asiinuke," akasema Bibi. "Nahodha, yamebaki madaraja mengi?"

"Yapo, mama."

"Basi abaki hivyo hivyo mpaka tushuke. Tusimsumbue kuinama kila mara."

Nikabaki hivyo hivyo. Blanketi lilinukia mkaa na miguu ya watalii. Machozi yangu yalikuwa yanaingia puani, jambo ambalo katika insha za kujuta sijawahi kulitaja kwa sababu halijawahi kutokea.

Kisha juu ya kichwa changu nikasikia sauti ndogo, kavu.

Kak.

Sukari imevunjwa vipande viwili.

"Kikubwa chukua wewe," ilisema sauti moja.

"Chukua wewe. Wewe ndiye ulishindilia."

"Wewe ndiye mdogo, dada anakwambia chukua!"

"Haya, dada."

Kimya kirefu. Nilijua wanakula kwa sababu sukari ile haitafunwi, mtu huingoja tu iyeyuke. Mmoja wao alivuta kamasi. Sikujua ni yupi, na sikuthubutu kutazama.

"Nahodha," akasema Bibi Mkubwa hatimaye, sauti yake imelowa lakini nyepesi, "ukizunguka tushushe pale pale ulipotuchukua. Treni zitakuja nyingine. Fusae, turudi nyumbani, nipike supu ya kome, na chai tuianze upya. Lakini kwanza twende tukamwambie Baba."

"Tukamwambie."

"Nimeshamtengea na yeye kisanduku chake, kiko chumba cha ndani, madhabahuni mbele ya picha yake. Nilimwekea ile iliyovunjika, ile ya kwanza kutoka kwenye kalibu. Sijakifunua tena. Nilitaka tukifunue pamoja, mimi na wewe, tumepiga magoti."

"Utakifunua wewe," akasema Bibi.

"Tutakifunua wote."

Nikafumba macho. Ule utamu ulioyeyuka ulimini mwangu kabla sijautafuna ulinirudia mdomoni, mchungu kama dawa ya mchango. Niliiona picha ya mzee madhabahuni, ubani unafuka, na mbele yake, chini ya kifuniko cheusi, jicho moja kubwa, jingine dogo.

"Daraja la tatu!" nahodha akaimba.

"Bibi," nikasema kutoka kwenye meza, kwa sauti ambayo sikuitambua. "Bibi Mkubwa. Kuhusu kisanduku cha Babu…"